Ukweli wa Modeli ya Ndege

Modeli ya ndege ya abiria katika simuleta ya nyumbani ni programu inayodai kusimama mahali pa ndege fulani. Humpa mtumiaji chumba cha marubani chenye swichi zake, injini zenye mlio wake, na kompyuta za safari zinazopokea njia, uzito na mafuta. Kwa ndege moja, Airbus A320, zipo modeli kadhaa zinazoshindana. Ipo ya Fenix, iliyotoka Mei 2022 kwa ajili ya Microsoft Flight Simulator. Ipo ya FlyByWire, inayoandikwa na watu wa kujitolea na kutolewa bure, ambayo huiga toleo la A320neo. Zipo pia za ToLiss, zinazoiga ndege za familia hiyohiyo ndani ya simuleta nyingine, X-Plane. Kwa Boeing 737 ziko za PMDG, na upande wa X-Plane iko ile ya bure inayojulikana kwa jina la Zibo. Anayetaka kuchagua huuliza ipi iliyo ya kweli zaidi.

Swali hilo huonekana la dukani, lakini limebeba swali la kale la falsafa: kitu kinachowakilisha kingine huwa kweli kwa msingi gani, na nani mwenye haki ya kukihukumu? Jibu linalotetewa hapa lina sehemu mbili. Ukweli wa modeli hupimwa kwa majibu inayotoa inapoulizwa maswali ambayo haikuandaliwa kuyajibu. Na uaminifu wake hupimwa kwa uwazi wake juu ya vile ambavyo haina.

Kufanana na kuwakilisha

Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, Plato alitoa mfano wa kitanda. Kuna kitanda chenyewe kama wazo, kuna kitanda alichotengeneza seremala, na kuna kitanda alichochora mchoraji. Mchoraji huiga namna kitanda kinavyoonekana kwa upande mmoja, naye hahitaji kujua lolote kuhusu mbao wala viungo vyake. Kwa sababu hiyo Plato aliiweka kazi yake mbali na ukweli.

Modeli ya ndege inaweza kuwa picha ya aina hiyo. Watengenezaji hupiga picha chumba cha marubani cha ndege halisi, hupima kila kitufe, na huchora hata mikwaruzo ya rangi mahali ambapo vidole vya marubani vimepita kwa miaka. Kazi hiyo inahitaji ustadi mkubwa, na macho huiamini mara moja. Hata hivyo mikwaruzo haisemi nini kitatokea swichi ikibonyezwa. Ndege mbili za dukani zinaweza kulingana kabisa kwa sura, moja ikawa na mfumo mzima wa umeme nyuma ya paneli na nyingine ikawa na taa tupu.

Mwanafalsafa Nelson Goodman, katika kitabu chake cha 1968 kuhusu lugha za sanaa, alionyesha kwamba kufanana hakuwezi kuwa msingi wa kuwakilisha. Kufanana huenda pande zote mbili: hiki kikifanana na kile, kile nacho hufanana na hiki. Kuwakilisha huenda upande mmoja tu: picha humwakilisha mtu, lakini mtu haiwakilishi picha yake. Magari yanayotoka katika kiwanda kimoja hufanana kuliko picha yoyote inavyofanana na gari, wala hakuna moja linalosimama kwa niaba ya jingine. Ndivyo ilivyo kwa A320 mbili zilizokamilika siku moja.

Hoja hiyo huonekana vizuri zaidi modeli ikiwekwa kando ya filamu. Filamu iliyopigwa ndani ya chumba cha marubani tangu kuondoka hadi kutua hufanana na safari halisi kuliko modeli yoyote: mwanga ni ule wenyewe, sauti ni ile yenyewe, mikono ni ya rubani mwenyewe. Lakini filamu ikiulizwa ndege ingefanya nini kama rubani angechelewa kushusha magurudumu, au kama upepo ungegeuka sekunde chache kabla ya kutua, haina la kusema. Imehifadhi jambo lililotokea. Modeli, hata ikiwa na sura hafifu, hujibu kuhusu mambo ambayo hayajatokea. Kwa hiyo inafaa kuielewa kama mkusanyiko wa majibu ya maswali yanayoanza na neno “kama”, na kulinganisha modeli mbili ni kuziuliza maswali hayo.

Majedwali na visababishi

Kuna njia mbili za kuifanya ndege ya kompyuta ijibu kuhusu hewa. Njia ya kwanza ni majedwali. Programu hupewa orodha: kwa kasi hii na pembe hii ya bawa, mnyanyuo ni kiasi hiki na ukinzani wa hewa ni kiasi hiki. Simuleta za Microsoft, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, zilitegemea njia hiyo kwa muda mrefu. Njia ya pili ndiyo iliyoipa sifa X-Plane, simuleta iliyoanzishwa na Austin Meyer wa Marekani. Bawa, mkia na panga za injini hugawanywa vipande vidogo, nguvu ya hewa juu ya kila kipande hukokotolewa, kisha zote hujumlishwa, na hesabu hiyo hurudiwa mara nyingi katika kila sekunde. Toleo la Microsoft la mwaka 2020, lililoundwa na kampuni ya Asobo ya Bordeaux, Ufaransa, nalo lilielekea upande huo kwa kusambaza hesabu juu ya sehemu nyingi za umbo la ndege.

Aristotle alitenganisha kujua kwamba jambo liko hivyo na kujua kwa nini liko hivyo. Jedwali lina ujuzi wa aina ya kwanza. Hilo halilifanyi kuwa duni moja kwa moja. Jedwali lililojazwa kwa vipimo vya ndege halisi linaweza kuwa sahihi kuliko hesabu ya vipande, kwa sababu bawa halisi lina viungio, mianya na msukosuko wa injini ambavyo hesabu haivioni. Udhaifu wake huonekana pale mistari yake inapokwisha. Hapo programu hulazimika kubahatisha kwa kurefusha mwelekeo wa namba za mwisho. Hesabu ya visababishi inaweza kukosea kidogo kila mahali, lakini huendelea kusema jambo lenye maana hata mahali ambapo hakuna aliyepima. Hivyo modeli mbili zinaweza kuwa kweli kwa namna mbili tofauti: moja kwa usahihi ndani ya eneo lake, nyingine kwa kulielewa eneo ambalo haijafika. Baadhi ya watengenezaji hawakuridhika na hesabu za simuleta wakaandika zao. Majestic, walipoiga Dash 8 Q400, ndege ambayo Air Tanzania nayo huirusha, waliiweka hesabu ya mwendo wa ndege nje kabisa ya programu ya Microsoft.

Kiwanja cha Jomo Kenyatta cha Nairobi hutoa kipimo kizuri cha jambo hili. Kiko karibu mita 1,620 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, ambako kiwanja kiko makumi machache tu ya mita juu ya bahari. Kipimo cha kasi ndani ya ndege husoma msukumo wa hewa, na hewa nyepesi husukuma kidogo. Ndege inayoonyesha kasi ileile katika miji hiyo miwili huwa inakwenda kwa kasi halisi kubwa zaidi Nairobi, kwa kati ya asilimia 8 na 10. Nishati inayohitajika kuifikia kasi hiyo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, na wakati huohuo injini zinazovuta hewa nyepesi hutoa msukumo mdogo. Mwendo wa kuondoka ardhini hurefuka sana. Modeli inayolijua hilo kwa sababu mtu aliandika amri mahususi ya Nairobi itashindwa Addis Ababa. Modeli inayolipata kutokana na kanuni za hewa haihitaji kuambiwa jina la mji.

Kina cha mifumo

Ndege ya abiria ya leo ni mtandao wa mifumo inayotegemeana, na hapo ndipo modeli nyingi hutofautiana. A320 ina mifumo mitatu ya haidroliki inayoitwa kwa rangi: kijani, bluu na manjano. Ina jenereta moja kwa kila injini, na nyingine katika injini ndogo ya mkiani. Nyuso za mabawa na mkia huongozwa na kompyuta saba za aina tatu, na kompyuta hizo huendesha ndege chini ya kanuni ya kawaida, kanuni mbadala, au kanuni ya moja kwa moja, kulingana na kilichobaki kizima.

Umeme wa injini zote mbili ukikatika huku ile injini ndogo ya mkiani ikiwa imezimwa, kinu kidogo cha upepo hushuka chini ya ndege. Upepo hukizungusha, nacho hutia nguvu katika haidroliki ya bluu. Haidroliki hiyo huzungusha jenereta ya dharura, na jenereta hiyo hulisha sehemu chache tu za mtandao wa umeme. Otopailoti hukatika, kompyuta kadhaa hunyamaza, na ndege huingia katika kanuni mbadala. Magurudumu yakishushwa huingia katika kanuni ya moja kwa moja, ambako mkono wa rubani huamuru nyuso za ndege bila kinga nyingi alizozizoea. Kila hatua katika mlolongo huo ni kisababishi cha inayofuata.

Modeli isiyo na kina huweza kuuonyesha mlolongo mzima. Mwandishi wake aliusoma katika kitabu cha mwongozo wa ndege, akauandika kama orodha: tukio hili likitokea, taa hizi ziwake. Kwa tukio hilo moja mtazamaji hataona tofauti. Tofauti hujitokeza hitilafu mbili zisizohusiana zinapotokea pamoja, kwa mpangilio ambao hakuna aliyeuandalia orodha. Modeli yenye kina hufuata umeme kutoka chanzo hadi mwisho, na matokeo hutoka yenyewe hata kama mwandishi hakuwahi kuyafikiria. Modeli ya orodha huwa kama mwanafunzi aliyekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana: kila jibu ni sahihi mpaka swali libadilike.

Plato aliligusa jambo hili katika Meno. Mtu mwenye dhana sahihi kuhusu njia ya kwenda Larissa atawafikisha wasafiri sawasawa na mwenye ujuzi. Kinachomtenganisha mwenye ujuzi ni kwamba jibu lake limefungwa kwa sababu, na kwa hiyo halitoroki hali inapobadilika. Modeli inayopatia kwa bahati ina dhana sahihi. Modeli inayopatia kwa kufuata visababishi inakaribia ujuzi, kwa kadiri neno hilo linavyoweza kutumika kwa mashine.

Hapa pia huzaliwa tofauti ya njia za kuamini. Programu ya FlyByWire iko wazi, na yeyote anayeweza kusoma msimbo wake anaweza kufuatilia kwa nini taa fulani imewaka. Programu za Fenix na PMDG zimefungwa, nazo huhukumiwa kwa mwenendo wake tu. Uwazi haumaanishi usahihi, kwa maana kosa linaweza kuandikwa waziwazi. Lakini uwazi hufanya kosa liweze kuonyeshwa na kujadiliwa, na hilo ni fadhila ya maarifa yenyewe.

Nani ahukumu

Katika kitabu kilekile cha kumi Plato alisema kila kitu kina sanaa tatu: ya kukitumia, ya kukitengeneza na ya kukiiga. Mwenye ujuzi wa kweli ni mtumiaji. Mpiga zumari ndiye anayemwambia fundi zumari ipi ni nzuri, na fundi humsikiliza. Kwa kanuni hiyo hakimu wa modeli ni rubani anayeirusha ndege yenyewe, na watengenezaji makini huwaomba marubani wa mashirika ya ndege wazijaribu kazi zao kabla ya kuzitoa. Kanuni hiyo ni njema, lakini ina mipaka inayopasa kujulikana.

Rubani huijua ndege yake katika hali za kila siku. Anaweza kufikia kustaafu bila injini hata moja kuzimika hewani. Dharura amejifunza katika simuleta ya kitaaluma, ile inayosimama juu ya miguu ya haidroliki au ya umeme na kukubaliwa na mamlaka za anga. Kwa hiyo anaposema kwamba kukatika kwa umeme katika modeli ya nyumbani ni sawa na kweli, huwa analinganisha nakala na nakala nyingine. Simuleta ya kitaaluma nayo huthibitishwa kwa vipimo vya majaribio ya ndege, na uthibitisho huo hauendi mbali kuliko vipimo vyenyewe. Kwa muda mrefu tabia ya ndege baada ya bawa kupoteza mnyanyuo ilikuwa nje ya eneo lililothibitishwa. Ni mwaka 2016 ambapo Marekani ilibadilisha kanuni zake ili simuleta zinazofundishia hali hiyo zithibitishwe kwa ajili yake.

Gharama ya kusahau mipaka hiyo imekwisha kuonekana. Tarehe 12 Novemba 2001 Airbus A300-600 ya American Airlines iliondoka New York ikapita katika msukosuko wa hewa ulioachwa na Boeing 747. Rubani msaidizi aliukanyaga usukani wa mkia upande huu na upande ule kwa nguvu, mkia ukang’oka, na watu 265 wakafa, watano kati yao wakiwa ardhini. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilieleza kwamba matumizi hayo ya usukani hayakuwa ya lazima. Miongoni mwa mambo yaliyochangia ilitaja namna usukani ulivyoundwa pamoja na sehemu za mafunzo ya shirika. Katika zoezi moja la simuleta, ndege ililazwa kwa pembe kubwa huku mwitikio wa usukani ukizuiwa kwa muda, ili mwanafunzi akutane na hali ngumu. Nia ilikuwa njema. Lakini zoezi liliweza kumfundisha rubani kwamba msukosuko wa aina hiyo huhitaji mwitikio mkali, jambo ambalo ndege halisi huwa hailihitaji.

Tukio la pili liligusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Tarehe 10 Machi 2019 Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka, na watu wote 157 wakafa, Wakenya wakiwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Zaidi kidogo ya miezi minne kabla yake ndege ya aina hiyohiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189. Mei 2019 Boeing ilikiri kwamba imerekebisha programu ya simuleta za ndege hiyo. Mojawapo ya marekebisho lilihusu nguvu inayohitajika kulizungusha kwa mkono gurudumu la kusawazisha mkia. Simuleta zilizopewa kibali zilikuwa zimekosa jibu la swali ambalo marubani walikuja kuulizwa na ndege yenyewe.

Kwa hiyo ushahidi wa rubani unahitaji kuunganishwa na swali la chanzo. Wanazuoni wa Hadithi waliipima kila riwaya kwa mambo mawili: matini, yaani maneno yenyewe, na isnadi, yaani mlolongo wa watu walioyapokeza. Maneno mazuri yenye mlolongo uliokatika hayakukubaliwa kwa uzuri wake tu. Modeli ya ndege nayo ina matini yake, ambayo ni mwenendo unaoonekana, na isnadi yake, ambayo ni asili ya namba zilizomo. Namba zinaweza kuwa zimetoka katika vitabu vya mwongozo na majedwali ya utendaji wa ndege, katika rekodi za safari halisi, katika kumbukumbu ya rubani, au katika makadirio ya mwandishi. Kwa kawaida watengenezaji wa nyumbani hawana vipimo kamili vya majaribio ambavyo viwanda vya ndege huwapa watengenezaji wa simuleta za kitaaluma. Anayeeleza wazi namba zipi amezipata wapi anastahili kuaminiwa kuliko anayesema tu kwamba ndege yake ni halisi kabisa.

Kilichoachwa

Lewis Carroll, mwaka 1893, na Jorge Luis Borges, mwaka 1946, waliandika kila mmoja kwa namna yake kuhusu ramani iliyokuwa na ukubwa sawa na nchi yake. Funzo lake ni kwamba uwakilishi uliokamilika huacha kuwa na faida. Modeli ya A320 isiyoacha chochote ingekuwa A320. Kuacha, basi, ni sharti la kuwa modeli. Kompyuta ya nyumbani ina nguvu yenye kikomo, na kila hesabu inayotumika kwa vali ya haidroliki hupunguza ile inayoweza kutumika kwa mawingu.

Tofauti yenye uzito wa kimaadili iko katika namna ya kuacha. Swichi isiyosogea, ambayo kitabu cha maelezo kinasema haikuigwa, ni ukimya. Swichi inayosogea, ikatoa mlio na kuwasha taa, lakini nyuma yake hakuna kitu, ni ushahidi wa uongo. Mtumiaji wa ya kwanza anajua kwamba hajui. Mtumiaji wa ya pili anaondoka akiamini kwamba amejifunza. Kwa kipimo cha wingi wa vitu ya pili ingeshinda, kwa kuwa ina swichi nyingi zinazocheza. Kwa kipimo cha uaminifu ya kwanza iko mbele, na modeli ndogo inayotangaza mipaka yake inaweza kuwa mwalimu bora kuliko kubwa inayoificha. Msiba wa mwaka 2001 ulikuwa na mzizi wa aina hiyohiyo: kifaa kilisema kwa sauti ya uhakika mahali ambapo kilipaswa kunyamaza.

Ambacho modeli haibebi

Tarehe 15 Januari 2009 A320 ya US Airways iliyotoka LaGuardia, New York, iligonga kundi la ndege wa porini, na injini zote mbili zikapoteza nguvu. Rubani aliitua juu ya mto Hudson, na watu wote 155 waliokuwamo wakanusurika. Katika uchunguzi, marubani waliombwa wajaribu kuirudisha ndege hiyo kiwanjani ndani ya simuleta. Baadhi ya waliogeuka mara tu baada ya kugonga walifanikiwa. Ilipoongezwa sekunde 35 za kutambua kilichotokea na kuamua, jaribio la kurudi lilishindwa.

Ndege ilikuwa ileile, hewa ileile, mto uleule. Kilichokosekana katika majaribio ya kwanza ni hali ya kutojua. Marubani wa simuleta waliingia wakiwa na swali mkononi, na wale wa kweli walilazimika kwanza kugundua kwamba kuna swali. Modeli ya nyumbani ina upungufu huohuo. Nyingi huweza kupanga hitilafu za kushtukiza, na hilo hupunguza pengo hilo kwa sehemu. Lakini anayeketi mezani anajua kwamba hakuna mtoto aliyelala katika kiti cha nyuma yake, na hakuna mpangilio wa programu unaoweza kumwondolea ujuzi huo.

John Searle, katika makala yake ya mwaka 1980 kuhusu akili na kompyuta, alikumbusha kwamba dhoruba iliyoigwa kwa kompyuta haimlowanishi mtu. Hoja hiyo ni ya kweli, ila haienei kwa kila kitu. Kujumlisha kulikoigwa ni kujumlisha. Mtu anayekadiria mafuta ya safari ya Dar es Salaam kwenda Mumbai katika simuleta amekadiria mafuta, na akikosea amekosea kweli. Anayesoma ramani ya kukaribia kiwanja ameisoma, na anayefuata orodha ya ukaguzi kwa utaratibu ameufuata utaratibu. Sehemu ya maarifa katika urubani huvuka ikafika mezani ikiwa nzima. Visivyovuka ni uzito wa ndege, hatari, na dhamana juu ya roho za watu.

Kwa sababu hiyo si haki kuliita jambo zima mchezo wa kujidanganya, wala si haki kuliita urubani. Katika fikihi ya Kiislamu vitendo vya mwili vinavyofanana hutenganishwa kwa nia: kujizuia kula kwa sababu ya tiba si saumu, hata kama njaa ni ileile. Anayekaa mbele ya modeli kwa nia ya kuielewa mashine hufanya kitendo halisi, na kitendo hicho ni kujifunza. Akikiita kwa jina lake, hana uongo wowote. Akikigeuza kuwa madai kwamba sasa anaweza kubeba abiria, amedai ambacho hakuna modeli iliyompa.

Namna ya kulinganisha

Kutokana na haya hupatikana utaratibu wa kuhukumu. Jambo la kwanza ni kutaja kusudi, maana modeli huwa kweli kwa swali fulani. Anayetaka kuielewa mantiki ya Airbus atatazama kina cha mifumo. Anayetaka kuona ndani ya kazi yenyewe atathamini msimbo ulio wazi. Anayetaka kujua tabia ya bawa nje ya hali za kawaida ataanza na simuleta iliyo chini ya modeli, kwa sababu hesabu ya hewa mara nyingi hutoka huko. Jambo la pili ni kuuliza maswali yasiyoandaliwa: hitilafu mbili kwa pamoja, kiwanja cha juu, uzito usio wa kawaida. La tatu ni kuchunguza isnadi ya namba. La nne ni kutazama namna modeli inavyonyamaza inapofika mwisho wa ujuzi wake. Sura ije mwisho. Ina thamani yake, lakini ndiyo inayoshinda kwa urahisi kuliko inavyostahili.

Utaratibu huu hufanya modeli moja iwe ya kwanza kwa mtu mmoja na ya pili kwa mwingine, na hakuna mgongano hapo, kwa kuwa maswali yao ni mawili. Hilo halimaanishi kwamba kila mtu ana ukweli wake. Kusudi likishatajwa, hukumu haitegemei ladha. Ama mwendo wa kuondoka Nairobi unarefuka kwa kiasi kinachotakiwa au haurefuki; ama kanuni ya ndege inabadilika kompyuta zake zinapokosa umeme au haibadiliki. Kwa swali lililowekwa wazi, modeli moja huwa kweli kuliko nyingine, na hilo linaweza kuonyeshwa kwa yeyote aliye tayari kuuliza na kupima.